Manyoya Huja Mwisho

Mimi huchora wanyama, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: manyoya unayachora moja moja? Jibu ni hapana, na kila mara namwona muulizaji akinywea kidogo, kama mtu aliyefichuliwa siri ya kiinimacho. Picha ya kichwa cha paka kwenye karatasi ya A3 hunichukua kama saa 40. Manyoya huingia kwenye saa 10 za mwisho. Zile 30 za mwanzo ni fuvu, taya, shingo, mwanga na kivuli.

Hilo nilijifunza kwa kuaibika. Miaka ya mwanzo nilichora mbwa wa mteja mmoja nikitegemea picha moja tu ya simu, na kweli nilihangaika na karibu kila unywele. Mteja aliipokea, akaitazama kimya, kisha akasema kwa upole: "Ni mbwa mzuri sana. Ila si wangu."

Nilipoiweka ile picha ya simu kando ya kazi yangu ndipo nikaona. Kwanza, simu ilikuwa imeshikwa karibu mno na uso wa mbwa. Kamera ikisogea hivyo, pua huonekana kubwa na masikio hubaki nyuma yakiwa madogo, nami nilikuwa nimelinakili kosa lile kwa uaminifu wote. Pili, mdomo wa chini wa yule mbwa ulikuwa umenasa kwenye chonge la kushoto, ukafanya mkunjo mdogo wa ngozi. Mimi nilidhani ni kivuli tu, nikausawazisha. Kumbe mkunjo ule ndio mwenyewe aliokuwa akiuona kila asubuhi. Nilimchora upya bila malipo.

Tangu siku ile naomba picha 15 au zaidi, hata zilizotoka na ukungu, pamoja na video fupi ya mnyama akitembea. Iliyo safi naitumia kwa mwanga na rangi, zile mbovu zinanifundisha umbo. Naomba zipigwe kwa mbali kidogo, kamera ikiwa usawa wa macho ya mnyama, karibu na dirisha, bila flashi. Nyuma ya jicho la mbwa na paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana flashi huwageuza kuwa na taa mbili za kijani usoni. (Wateja wengi huja mnyama akiwa ameshakufa. Hapo huwezi kudai picha mpya, unashukuru kwa zilizopo na kuuliza maswali mengi.)

Wachoraji waliotutangulia walilijua jambo hili zamani. Ninayemrudia zaidi ni Mwingereza George Stubbs, mtoto wa mtengenezaji wa ngozi, aliyejifungia kwenye nyumba ya shamba huko Horkstow kwa takriban mwaka mmoja na nusu akipasua maiti za farasi. Aliwatundika wasimame kama wanavyosimama wakiwa hai, akawachuna tabaka kwa tabaka, akichora kila msuli mpaka afike mfupani. Michoro hiyo aliichapisha kuwa kitabu mwaka 1766. Ukitazama farasi wake aitwaye Whistlejacket, aliyepo kwenye jumba la sanaa la National Gallery, London, utaona hana ardhi chini wala mbingu juu, amechorwa kwenye rangi tupu, na bado unauhisi uzito wake kwenye miguu ya nyuma. Huwezi kuufikia uzito huo kwa kuchora singa.

Halafu kuna mchoraji Mjerumani Albrecht Dürer, na huyu ananichekesha kwa sababu anatufundisha pande zote mbili. Sungura wake wa mwaka 1502 anaonekana kama kila unywele umehesabiwa. Mkaribie: chini kuna rangi ya maji ya kahawia iliyotandazwa kwanza kufuata mabonde ya mwili, na mistari myembamba, ya giza na ya mwanga, imekuja juu yake. Lakini mwaka 1515 huyohuyo alimchora kifaru ambaye hakuwahi kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akamvika magamba kama deraya na kapembe ka ziada mabegani. Undani umejaa tele, ila mnyama siye, na Ulaya ilimwamini kifaru yule kwa vizazi.

Sasa nije kwenye meza yangu. Baada ya umbo naingia kwenye jicho, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wanamchora simba mwenye mboni ya mstari uliosimama, kama ya paka wa nyumbani, wakati mboni ya simba ni duara. Ya mbuzi imelala. Kosa la pili ni kulichora jicho kama kitufe kilichobandikwa. Jicho ni tufe lenye unyevu, na kope la juu hulitupia kivuli, kwa hiyo sehemu ya juu ya jicho huwa na giza kuliko ya chini. Doa la mwanga naliweka mwisho, dogo, na mara nyingi halina weupe mtupu bali rangi ya anga au ya dirisha. Dürer aliliweka dirisha zima ndani ya jicho la sungura wake.

Rangi nyeusi ya kwenye tyubu siitumii kwa mnyama mweusi. Manyoya meusi yakiwa nje hubeba bluu ya anga mgongoni, na kwenye kivuli huelekea kahawia. Meupe ni kinyume: karibu yote ni kijivu cha aina fulani, na nyeupe yenyewe naibania kama chumvi.

Manyoya yenyewe nayafanya kwa brashi bapa iliyozeeka, ile ambayo nywele zake zimetawanyika, nikiifuta karibu ikauke. Mguso mmoja unaacha mistari mitano isiyolingana, jambo ambalo brashi mpya haiwezi. Kinachohitaji akili ni mwelekeo: manyoya huanza mafupi puani yakirudi nyuma, hugawanyika kwenye paji, huzunguka jicho, hugongana kifuani. Ukikosea mwelekeo, umelivunja fuvu ulilolijenga kwa saa 30. Sharubu nikitumia penseli za rangi nazikandamiza kwenye karatasi kwa sindano butu kabla sijapaka chochote. Penseli inapopita juu, ule mfereji unabaki mweupe. Kwenye rangi ya mafuta hakuna ujanja wa namna hiyo. Ni rangi laini, mkono mmoja, pumzi umeizuia.

Kuhusu kutangaza kazi, nilipoteza miaka nikiposti picha zilizokamilika tu. Watu waliandika "kama ya kamera!" wakapita zao. Ni sifa, ila inaniuma kidogo, maana kamera ndiyo iliyonipotosha kwa yule mbwa. Nilipoanza kuonyesha hatua mbaya, uso usio na manyoya uliofanana na udongo wa mfinyanzi, ndipo watu wakaanza kusimama na kuuliza, na waliouliza ndio walioagiza. Kazi iliyokamilika naipiga picha kwa taa mbili, moja kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, la sivyo rangi ya mafuta inang'aa na kumeza giza lote. Na picha za wanyama zilizopo mtandaoni zina wenyewe. Naomba ruhusa kwanza, au nachora kutoka zangu.

Mteja hulipa nusu kabla sijaanza. Kisha nafika pale pasipo na manyoya, namtumia, na siendelei mpaka aniambie "ndiye." Wachoraji wenzangu huniambia najitafutia usumbufu, kwamba mteja asiyejua uchoraji ataogopa akiona kichwa cha kipara. Wengine huogopa kweli.

Wiki iliyopita nilituma uso wa paka mzee, rangi ya udongo, bila unywele hata mmoja. Mwenyewe alijibu baada ya saa nzima: "Ndiye. Ila jicho la kulia hulifumba kidogo zaidi." Nikachukua kitambaa, nikalifuta kope, nikalishusha kiasi cha unene wa ukucha.