Krimpu sio inayoshika kichwa cha risasi

Jamani hili neno krimpu linabebeshwa mzigo usio wake. Watu wanaojaza risasi za raifo (bunduki ndefu) wenyewe nyumbani utawasikia "krimpu yangu haishiki", halafu mtu anachukua dai nzuri kabisa, kile chuma cha duara kinachofungwa juu ya mashine ya kujazia, anaenda kuisaga ili ibane zaidi, na tatizo linabaki palepale au linazidi.

Krimpu ni kule kuukunja au kuubana mdomo wa ganda ukumbatie kichwa, yaani kile kipande chenyewe kinachoruka. Basi, ni hivyo tu. Inafanywa na hiyo dai, baada ya fataki (kile kiwashio cha kitako cha ganda), baruti na kichwa kuwa vimeshakaa.

Sasa kwenye raifo nyingi kichwa kinashikwa na SHINGO ya ganda, sio krimpu. Ganda likipita kwenye dai ya saizi, ile ya kulirudisha kwenye vipimo vyake, shingo inabanwa, kile kidude cha ndani kinaipanua kidogo, na mwisho inabaki nyembamba kuliko kichwa kwa kama elfu mbili ya inchi, yaani milimita 0.05 hivi, kwa hiyo kichwa kikisukumwa ndani shaba inatanuka na kuking'ang'ania kwa urefu wote wa shingo. Hiyo ndo nguvu yenyewe. Krimpu inagusa kaukingo kadogo tu pale mdomoni, na ndo maana wapiga shabaha wengi wenye bunduki za bolti (zile za kukoki kwa mkono, risasi moja moja) hawakrimpi kabisa na vichwa vyao havitikisiki.

Na kuzidisha kubana ndo kunaharibu kabisa! Shaba ya ganda ina tabia ya kurudi nyuma kama springi, lakini kichwa ndani kina madini laini ya risasi ambayo yakishabonyea yamebonyea. Ukikamua sana kichwa kinapungua, shaba inarudi, mshiko unalegea kuliko mwanzo. Na kwa ganda lenye bega, pale linaposinyaa kuwa shingo, ukisukuma dai chini kupita kiasi bega linavimba, risasi inagoma kuingia chemba, pale inapokaa ndani ya bunduki kabla ya kupigwa.

Sisemi krimpu haina kazi. Bunduki za leva, zile za kukoki kwa mpini wa chini, kama zinazotumia risasi ya .30-30 Winchester, risasi zinalala kwenye bomba moja nyuma ya nyingine, springi na mtikiso vinavisukuma vichwa vizame ndani, na kichwa kikizama nafasi ya baruti inapungua na presha inapanda, hapo krimpu ya kukunja inahitajika kweli, tena ikae kwenye ule mfereji uliochongwa kuzunguka kichwa na maganda yote yawe yamekatwa urefu mmoja. Risasi za bastola kama 9 mm Parabellum zinajipima kwenye chemba kwa mdomo wa ganda, yaani mdomo ndo unaogota mbele na kuzuia risasi isizame, ndo maana zenyewe zinabanwa tu, hazikunjwi. Lakini hata huko krimpu inasaidia shingo, haichukui nafasi yake.

Kwa hiyo ndugu yangu, kichwa cha risasi yako ya raifo ya .308 kikizunguka ukikishika kwa vidole, aliyelegea ni shingo. Angalia dai ya saizi, angalia kile kidude cha kupanulia kama sio kinene mno, angalia na ganda lenyewe kama limeshapigwa mara nyingi mpaka shaba imekakamaa. Dai ya krimpu iache ilivyo.