Boksi la Juisi, Moto wa Pumba na Mengine Tunayoamini Kuhusu Chakula cha Watoto

Jumamosi moja nilikaa mezani na binti yangu wa miaka minane, tukiwa na boksi la juisi, kijiko cha chai na glasi tupu. Lebo ilisema gramu 12 za sukari kwa kila mililita 100, na boksi lilikuwa la mililita 250. Tukachota sukari kabatini: kijiko cha kwanza, cha pili, mpaka cha saba na nusu. Akaniuliza, "Mama, yote hii ndiyo nabeba shuleni?" Kumbe ndiyo niliyokuwa namwekea kila siku, tena kwa mapenzi. Chama cha Moyo cha Marekani tangu 2016 kinashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 25 kwa siku kwa mtoto wa miaka 2 hadi 18. Boksi moja tu lilikuwa na 30. Tangu siku hiyo nimezichunguza imani tano tulizonazo kuhusu chakula cha watoto na inflamesheni, yaani mwili kujihami kwa wekundu, uvimbe na joto.

"Hana homa wala hajavimba, basi yuko salama."
Goti likichubuka, hugeuka jekundu, huvimba, hupata joto, kisha hupona. Hiyo ni inflamesheni yenye faida. Ile sugu ni moto wa pumba: juu huoni mwali, ndani kunaungua. Mafuta yanayojazana tumboni, kuzunguka ini na utumbo, hutoa kemikali zinazoifanya kinga ya mwili isipumzike. Taratibu mishipa ya damu huumia, ini hulemewa, na insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu, hushindwa kufanya kazi sawasawa. Na madhara haya hayasubiri uzee. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa miili ya wanajeshi 300 waliokufa vitani Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22, na zaidi ya robo tatu walikuwa tayari na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo.

"Mtoto bonge ndiye mwenye afya."
Nalielewa chimbuko la imani hii, maana waliotulea waliona njaa na surua zikichukua watoto wembamba. Lakini kitambi cha mtoto si akiba. Wala wembamba si kinga: mtoto anayecheza kwenye uchafu wa kinyesi na kunywa maji yasiyo salama anaweza kuwa na inflamesheni ya utumbo isiyoisha, akala na bado akadumaa. Huyo anahitaji choo bora na maji safi pamoja na sahani iliyojaa.

"Dona, maharage na dagaa ni chakula cha shida."
Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu tunakimbia kilicho chema. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya upasuaji Mulago, Kampala, alikuja kuutangazia ulimwengu umuhimu wa nyuzinyuzi baada ya kuona jinsi magonjwa mengi ya Ulaya yalivyokuwa adimu kwa Waafrika wa vijijini. Leo tunajua sehemu ya sababu: bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutengeneza butireti, ambayo hulisha ukuta wa utumbo na kuituliza kinga. Ukikoboa mahindi yakawa sembe, sehemu kubwa ya nyuzinyuzi hizo unawaachia kuku. Dagaa nao wana omega-3, aina ya mafuta yenye faida.

Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2025 ulihusisha wanaume 77. Wa vijijini waliohamia kwenye vyakula vya kukaanga na vya kiwandani kwa wiki mbili, viashiria vya inflamesheni katika damu yao vilipanda. Wa mjini waliorudi kwenye chakula cha asili, vilishuka. Walikuwa watu wazima, sawa, lakini wiki mbili tu!

"Manjano na tangawizi zitamponya."
Weka kwenye mchuzi, ni viungo vizuri. Ila kurkumini, kemikali iliyo ndani ya manjano, hufyonzwa kidogo sana mwilini, na mtoto mwenye pumu asinyang'anywe pampu yake kwa ajili ya chai ya tangawizi.

"Ana kisukari kwa sababu mama yake alimpa pipi."
Kisukari aina ya kwanza huja kinga ya mwili inapoziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Pipi hazikukileta, na mama hana kosa. Mtoto huyo anahitaji insulini kila siku, hata akila mchicha asubuhi na jioni.