Mchezaji dhaifu wa poka hatishiki

Wengi wanaoingia kwenye poka ya mtandaoni huamini kwamba mchezaji dhaifu hushindwa kwa vitisho: weka dau kubwa ukiwa huna kitu mkononi, naye atatupa karata zake. Si kweli. Kosa lake kubwa ni kwamba hatupi. Ana jozi ndogo, anataka kuona umeshika nini, basi analipia dau lako.

Hesabu yenyewe ni hii. Kitita cha mezani kikiwa 100 nawe ukatishia kwa 50, ni lazima akimbie, yaani atupe karata zake, angalau mara 1 kati ya 3 ili usipate hasara. Yeye hakimbii hata kiasi hicho. Kumtishia mtu wa namna hiyo ni kumgawia fedha zako, na inaniuma kuona watu werevu wakiendelea kufanya hivyo.

Geuza mambo. Umeshika ree, na ree nyingine iko mezani kati ya karata za wote, yaani una jozi kubwa: weka 80 badala ya 40. Kwa kuwa angelipia dau lolote kati ya hayo, umechuma mara mbili bila ujanja wowote. Ila yule mpole aliyekuwa akilipia tu akipandisha dau ghafla kwenye karata ya mwisho, mwamini. Tupa jozi yako.