Kabla hujachimba mtaro nyuma ya nyumba, soma hapa

Masika yanakaribia na malalamiko yameshaanza kuja ofisini kwetu, Manispaa ya Morogoro: jirani kachimba mtaro, maji yameingia kwangu. Wengi wanaochimba hawana ubaya, wameona video za pamakalcha kwenye simu, ile namna ya kupanga makazi na shamba iliyoanzia Australia miaka ya 1970 kwa kina Bill Mollison na David Holmgren, wikiendi wakashika jembe. Sawa kabisa. Ila Holmgren mwenyewe kaweka kuchunguza eneo kama kanuni ya kwanza na hiyo ndo watu wanairuka.

Mvua ikinyesha toka nje uone maji yanatoka wapi na yanaishia wapi. Halafu piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ya bati ni lita 1, kwa hiyo paa la mita mraba 80 likipigwa milimita 30 unapata kama lita 2,400, toa kidogo za kumwagika njiani. Simtanki la lita 1,000 limejaa zamani. Zinazobaki zinaenda kwa nani?

Mtaro wa kontua, yaani ule unaokata mteremko kwa usawa ili maji yasimame na kuzama, upimwe kwa fremu ya A, yaani fito tatu, kamba na jiwe, sio kwa macho. Udongo tupia upande wa chini, panda mchaichai au vetiva (nyasi za kushika udongo) kwenye tuta, acha na mlango wa maji yakizidi, usielekee kwa jirani. Ila kwenye miteremko mikali ya Bigwa na Kilakala, huku chini ya milima ya Uluguru, msizamishe maji juu ya nyumba za watu, udongo ukishiba maji unaporomoka. Maji ya bafuni yapeleke kwenye shimo la migomba lenye matandazo. Ya choo hapana, jamani, tumeshasema.

Na hili la "mimi nalima kiasili, sheria hainihusu" sijui limetoka wapi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya 2004 kinakataza ndani ya mita 60 za kingo za mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi yake, hakiulizi kama mbolea yako ni samadi. Kuvuna mvua ya paa kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali, kuchepusha kijito unahitaji, na hicho hatutoi sisi, kinatoka Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu.

Mwenye lalamiko aanzie kwa mtendaji wa mtaa, apate barua, barua ipite kata, ndo ije kwetu, tutakuja kukagua pande zote mbili zikiwepo, mwenye kosa ataandikiwa arekebishe, akikaidi ni mahakamani. Ukija moja kwa moja bila barua utarudishwa mtaani. Picha pigeni mvua ikinyesha, za jua kali hazitusaidii.