Je, wajua? Mtafiti hujuaje kama bakteria ameingia ndani ya seli?

Salmonela anayeleta homa ya matumbo hana budi kupenya ukuta wa utumbo kwanza. Kumtazama akipenya ndani ya mtu aliye hai haiwezekani, kwa hiyo seli za binadamu huoteshwa maabara, kwenye sahani ya plastiki yenye maji ya virutubisho, katika joto la nyuzi 37, mpaka zitandike tabaka moja kama mkeka. Zinazotumika sana ni seli za HeLa, zilizotoka kwenye uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyetibiwa Baltimore mwaka 1951. Hakuombwa ruhusa. Kwangu mimi, kila zinapotajwa seli hizo, naye anastahili kutajwa.

Bakteria humiminwa juu ya mkeka huo wakaachwa kama saa moja, kisha seli huoshwa. Lakini kuosha hakutoshi. Wapo wanaobaki wameng'ang'ania mlangoni bila kuingia, na ukiwahesabu hao umepotea.

Hapo ndipo inapotumika jentamaisini, dawa ileile wanayochomwa watoto wachanga wenye maambukizi kwenye damu. Huchomwa kwa sindano kwa sababu ikimezwa, ni kidogo mno inayopita utumboni kwenda kwenye damu. Hata utando wa seli huupenya kwa shida, na udhaifu huo ndio mtafiti anaoutaka: ukiitia kwenye sahani, bakteria walio nje hufa, walio ndani husalimika. Dawa ikishaoshwa, seli hupasuliwa kwa sabuni laini na maji yake hupakwa juu ya agari, utelezi mgumu wenye chakula cha bakteria. Kesho yake asubuhi utaona vidoa vidogo vya mviringo, kila kimoja kikiwa ni kizazi cha bakteria mmoja aliyekuwa amejificha ndani. Unavihesabu kimoja kimoja.

Seli za kuoteshwa ndizo zilizowafunulia watafiti Ralph Isberg na Stanley Falkow jambo kubwa mwaka 1985. Walichukua kipande cha DNA ya bakteria aitwaye Yersinia pseudotuberculosis wakampa bakteria mwingine, E. koli wa maabara, asiyejua kuvamia. Akaanza kuingia. Kipande hicho kilikuwa na jeni la protini inayoshika vipokezi vilivyo juu ya seli. Vikishikwa, seli yenyewe humzungushia utando wake bakteria na kumvuta ndani.