Kitabu kipo kwenye simu, lakini hakisomeki

"Hii simu? Ya kutumiana pesa tu," mama mmoja muuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, alinijibu nilipomwambia mwanawe asiyeona anaweza kuitumia kusomea. Wengi huamini mtoto kama huyo lazima anunuliwe mtambo wa mamilioni. Hapana. Simu nyingi za Android, hata yenye ufa kwenye kioo kama yake, zina TalkBack ndani, programu inayosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo. Ukiiwasha kwenye mipangilio, mtoto akigusa anatajiwa kilichopo. Akigonga mara mbili kinafunguka. Sauti ya Kiswahili ipo, ya kiroboti kidogo. Watoto huizoea upesi kuliko sisi.

Wengine husema basi, nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, zimekwisha kazi. Zipo, na zina kazi. Anayesikiliza tu hajui tahajia, na huku kwetu Usukumani kula na kura masikioni ni mapacha. Chini ya vidole hazifanani.

Mwenye ualbino naye hudhaniwa kipofu, akapelekwa moja kwa moja kwenye nukta nundu. Wengi wao wana uoni hafifu: wanaona wakisogeza macho karibu, na mwanga mkali huwaumiza. Kuza herufi, weka maandishi meupe juu ya weusi, punguza mwanga wa kioo. Mara nyingi hayo yanatosha.

Dhana inayonikera zaidi ni kwamba kitabu kikishatumwa WhatsApp, kimemfikia mtoto. Tulifungua kile alichotumiwa mwana wa yule mama. TalkBack ikataja namba ya ukurasa, ikanyamaza. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha, na kwa simu hayo si maneno. Bonyeza neno moja, ushikilie: lisipochagulika, umepewa picha. Lazima ipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi, kisha mtu mwenye macho asahihishe, maana majedwali huvurugika. Na michoro? Mtu aieleze kwa maneno.

Eti kukigeuza kitabu hivyo ni wizi wa hakimiliki? Mkataba wa kimataifa wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala kwa wasioona bila kumwomba mchapishaji ruhusa, na kuzipeleka nchi nyingine zilizojiunga. Tanzania imo.

Ukurasa wa kwanza tuliuandika upya sisi wenyewe, mama akisoma, mimi nikichapa, dagaa zikisubiri mteja.