"Nguo itaoza tu": haiozi

Kila usafi wa ufuo ukitangazwa, yupo wa kuuliza mbona tunahangaika na nguo ilhali chupa za plastiki zimejaa. "Nguo ni kitambaa, itaoza tu." Jamani, poliesta ni plastiki ile ile ya chupa ya maji, imevutwa ikawa uzi. Ripoti ya mwaka 2023 ya Clean Up Kenya na Changing Markets Foundation ilikadiria kuwa kila mwaka Kenya hupokea nguo zaidi ya milioni 300 za nyuzi za viwandani zisizouzika. Muuza mitumba wa soko la Kongowea, Mombasa, simlaumu: analipia belo la kilo 45 asilolijua ndani. Forodha ina nambari 6309 ya nguo kuukuu na 6310 ya matambara, na fagia, yaani nguo mbovu zisizouzika, iliyofungwa katikati ya belo hupita bandari ya Kilindini kwa nambari ile ya kwanza.

Ukibisha, pima. Chomoa nyuzi chache za kitambaa chenyewe upande wa ndani, zishike kwa koleo juu ya bati, nje penye hewa, uwashe kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu kisichosagika. Ukikuta jivu lenye punje ngumu, ni mchanganyiko. Wengi huchoma uzi wa mshono, ambao mara nyingi ni poliesta hata kwenye shati la pamba tupu, kisha wanatupa shati zuri.

Mchanganyiko ndio unaonikera. Lebo ikisema pamba asilimia 95, spandeksi (uzi wa plastiki unaovutika) asilimia 5, watu hushika ile 95. Ile 5 ndiyo hunasa kwenye meno ya mashine ya kuchambua nyuzi, na ukiifukia nguo, pamba huoza, spandeksi ikabaki.

Kwenye hori la Tudor, Mombasa, nguo iliyonasa kwenye mkoko aina ya mchu usiivute. Imejaa tope, na mizizi ya kupumulia iliyochomoza kama penseli itakatika nayo. Ikate vipande kwa mkasi, utoe kimoja kimoja.

Nguo za pamba tupu tunawapa mafundi wa gereji wafutie: toa vifungo na zipu, vitakwaruza rangi ya gari, kisha kata vipande vya ukubwa wa daftari. Poliesta usiwape, huyeyuka kwenye injini ya moto. Lakini tambara likishalowa oili haliwezi tena kuwa mboji, linaishia jalala la Mwakirunge na taka nyingine. Hapo sijashawishika kwamba tumepunguza taka. Naona tumeichelewesha miezi michache.